Mafuta ya Sangara na Bakuli la Saladi

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya mashamba ya pamba ya Guta, Dafroza alikuwa amekwisha kuteka maji ziwani. Ndoo ya kwanza ilikuwa ya nyumbani, ya pili ya bustani ya shule. Kisha alifagia uwanja, akawafungulia kuku, akavaa sare yake yenye viraka vya rangi zisizofanana, akavuka njia. Nyumba yao ilitazamana na uwanja wa shule. Bibi yake, Bibi Dorotea, aliweza kukaa barazani akichambua mboga huku akijua ni mwanafunzi gani amechelewa mstarini na ni mwalimu gani ameamka vibaya.

Huo ulikuwa mwaka 1984, na wazee wa Guta hawahitaji kukumbushwa ulivyokuwa. Duka la ushirika lilikuwa na rafu safi kabisa, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuzichafua. Sabuni ikifika, ilikwisha kabla foleni haijanyooka. Sukari, mafuta ya taa na mafuta ya kupikia vilikuwa vitu vya kusimuliwa na watu waliotoka Bunda mjini. Mafuta ya kujipaka ndiyo kabisa, watoto wadogo hawakuyajua hata kwa harufu. Kiangazi kilipokaza na upepo ukavuma mchana kutwa, ngozi za watu zilipauka kama udongo wa kichuguu.

Dafroza alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Magoti yake yalikuwa na magamba. Pembe za mdomo wake zilipasuka kila alipocheka, naye alipenda sana kucheka. Mabega yake yalikuwa na nyufa nyembamba zilizowaka kama pilipili jasho lilipoziingia. Na hayo mabega ndiyo aliyoyahitaji kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu alikuwa mbebaji katika mnara.

Mnara wenyewe haukuwa wa mawe. Ulikuwa wa watoto. Mwalimu Wanzagi, aliyefundisha michezo ya halaiki, alikuwa amewapanga wanafunzi wakasimama juu ya mabega ya wenzao. Chini walikaa wale wenye misuli wa darasa la saba. Juu ya mabega yao walisimama Dafroza, Matiko na wenzao. Kileleni alisimama Nyamburi, rafiki yake Dafroza tangu darasa la kwanza, akiwa ameinua bendera. Mguu mmoja wa Nyamburi ulikanyaga bega la Dafroza, na wa pili bega la Matiko.

Shule ambayo mnara wake ungechaguliwa ingekwenda Musoma, kwenye sherehe za mkoa. Dafroza alikuwa hajafika Musoma maishani mwake. Lakini alikuwa na sababu kubwa zaidi ya kutaka kwenda. Mama yake, Marcelina, alikuwa Mugeta tangu masika, akimuuguza dada yake. Alikuwa ametuma salamu kwa mtu wa baiskeli: "Mwambieni Dafroza, wakichaguliwa nitakuja Musoma kumwona." Tangu siku hiyo Dafroza alilala na kuamka na mnara.

"Kesho anakuja Afisa Utamaduni kutoka wilayani," alisema Mwalimu Wanzagi mwishoni mwa mazoezi. "Nataka aone watoto wanaong'aa! Mmenisikia? Kung'aa!"

"Mwalimu, tutang'aa na nini, na mafuta hakuna?" aliuliza Matiko.

"Ng'aeni kwa bidii," Mwalimu alijibu, akaondoka kwa haraka ili wasimuulize bidii hupakwaje.

Maneno hayo yalimwingia Dafroza. Angeng'aaje, na ngozi yake ilikuwa hivyo? Asubuhi iliyofuata, akiwa jikoni peke yake, macho yake yakapanda hadi kwenye kopo lililoning'inia darini. Miaka ile sangara, yule samaki mkubwa aliyelijaza ziwa letu, alivuliwa kwa wingi, na mafuta yake hayakuwa na foleni. Bibi Dorotea alikuwa ameyeyusha mafuta ya sangara motoni, akayahifadhi kwenye kopo hilo kwa ajili ya kukaangia mihogo.

Dafroza alitumbukiza vidole. Akapaka mabega kwanza, na zile nyufa zikatulia. Akapaka mikono. Akapaka miguu na uso. Alipojitazama kwenye maji ya ndoo aliona msichana anayemetameta kama sufuria jipya, akafurahi mno.

Alikuwa amekwisha kujitanda kanga na kutoka nje aliposikia sauti ya bibi yake.

"We Dafroza! Nani kaingia kwenye mafuta yangu?"

"Paka huyo, Bibi!" alijibu bila kugeuka. "Nimemwona akilamba!"

Akasikia ufagio ukipiga ukuta, na paka akatoka mbio akilia. Dafroza aliona vibaya kidogo, lakini kengele ya shule ilikuwa inalia, naye akakimbia.

Uwanjani jua lilikuwa kali. Afisa Utamaduni alikaa kwenye kiti chenye mto. Pembeni yake alikaa Nesi Penina wa zahanati, aliyekuja kuangalia afya za watoto wa halaiki. Ngoma ikapigwa. Watoto wakajipanga. Ndipo nzi wakaanza kuja. Alikuja mmoja, wakaja wengine, kisha wakaja kama waliopewa taarifa.

"Dafroza, mbona unanuka mwalo mzima?" Nyamburi alinong'ona akijiandaa kupanda. Mwalo ni pale mitumbwi inapoteremsha samaki.

"Nyamaza, panda!"

Nyamburi akapanda. Mguu wake wa kushoto ukashika vizuri juu ya bega la Matiko. Mguu wa kulia ukakanyaga bega la Dafroza, ukateleza kama umekanyaga ganda la ndizi. Bendera ikapepea mara moja tu. Nyamburi akaanguka, Matiko akamfuata, na mnara mzima wa shule ukalala mavumbini.

Nyamburi alikaa chini ameshika kifundo cha mkono, machozi yakimtoka. Mwalimu Wanzagi alisimama mdomo wazi. Ndipo paka wa Bibi Dorotea alipovuka njia, akapita mbele ya Afisa Utamaduni mkia ukiwa juu, akaenda moja kwa moja hadi kwa Dafroza, akaanza kumlamba muundi.

Matiko ndiye aliyeanza kucheka. Shule nzima ikafuata.

"Kumbe!" Bibi Dorotea alipiga kelele kutoka barazani. "Paka wangu maskini, nimekupiga bure!"

"Dafroza," Mwalimu aliuliza, "umejipaka nini?"

Dafroza alitazama vidole vyake vya miguu. Angeweza kusema ni jasho. Lakini paka alikuwa bado analamba.

"Mafuta ya sangara, Mwalimu. Ya Bibi. Nimemsingizia paka."

Afisa Utamaduni hakucheka. Alisema atarudi mwezi unaofuata, na safari hiyo asione tone la mafuta ya aina yoyote kwenye mwili wa mtoto yeyote. Mnara ukianguka tena, shule nyingine itakwenda Musoma.

"Nawe, Dafroza, kaa pembeni," Mwalimu aliongeza. "Hutabeba mtu mpaka Nesi aseme mabega yako yamepona."

Nyamburi, ambaye mkono wake ulikuwa umeteguka, alipita karibu naye bila kumtazama usoni. "Sipandi tena juu yako," alisema. "Afadhali nipande juu ya kambale."

Maneno hayo yaliuma kuliko nyufa.

Nesi Penina alipokwisha kumfunga Nyamburi mkono, alimchukua Dafroza hadi barazani kwa Bibi Dorotea, akamfuta yale mafuta kwa kitambaa cha maji ya moto.

"Kwa nini ulijipaka mabegani kwa wingi namna hii?"

"Yanauma, mama. Nyamburi akikanyaga, yanapasuka. Nilitaka yasiume, tena ning'ae."

Nesi alizitazama nyufa, akazitazama pembe za mdomo, akavuta kigoda. Hakuwa mwanamke kijana, lakini uso wake ulikuwa nyororo kama ganda la biringanya.

"Mnakula nini hapa nyumbani?"

"Ugali wa muhogo na samaki," alijibu Bibi Dorotea. "Na mchicha. Usidhani mjukuu wangu hali mboga."

"Huo mchicha unaupikaje, mama?"

Bibi akakaa vizuri, maana alisifika kwa mchicha. "Nautia magadi, unachemka. Maji nayamwaga. Nautia magadi tena, unachemka mpaka unalainika kama uji."

"Mama yangu," alisema Nesi Penina kwa upole, "kinachobaki sufuriani hapo ni rangi tu. Chakula chenyewe kingi kimekwenda na yale maji, na magadi yamemaliza kilichobaki."

"Ndivyo tunavyopikaga sisi tangu enzi za mama yangu!"

"Najua. Hata mama yangu anapikaga hivyo hivyo, na mpaka leo tunabishana."

Wakacheka wote wawili, na Bibi akapoa. Nesi akaeleza kwamba ngozi hujengwa na chakula, na kwamba mwili wa Dafroza ulikuwa na njaa ingawa tumbo lake lilishiba. Kwa nyufa kama zile alitakiwa kula kila siku saladi ya mboga mbichi na matunda, hasa zile za rangi ya machungwa kama karoti na papai. Aitilie karanga za kutwanga, kwa sababu mwili hauwezi kuchukua uzuri wa karoti bila mafuta kidogo, na karanga zina mafuta yake zenyewe. Aiongeze kunde au choroko. Mboga zioshwe vizuri, kisha zisuuzwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, maana uchafu wa ziwani huleta kipindupindu. Na anywe maji ya kutosha.

"Mimi ni Msabato," alisema. "Nyumbani kwangu tunakulaga hivyo, bila nyama, bila samaki, bila maziwa, na hatujakonda. Tena si lazima upange foleni. Vyote vinaota hapa hapa."

"Samaki hata sitaki kumwona," alisema Dafroza, na Bibi akacheka mpaka akafuta machozi kwa kanga.

Siku hiyo hiyo Dafroza aliomba mboga katika bustani ya shule. Alikata kabichi vipande vipana, akanyunyiza chumvi, akaweka bakuli mbele ya baba yake, Florian, aliyerudi kutoka kupalilia mihogo akiwa na njaa ya kweli kweli. Baba aliinua jani moja, akalitazama upande huu na upande huu.

"Hiki ni nini?"

"Saladi, baba."

"Mimi Florian, mtoto wa Kasmiri, nalishwa majani mabichi! Mbuzi wangu ndio wanakulaga hivi, tena hawadaigi chumvi." Kisha akalia kama beberu, "Meee!" mpaka mbuzi zizini wakamjibu.

Dafroza alitafuna peke yake mpaka taya zikachoka. Ilikuwa kama kula mkeka. Kesho yake alikata tena, vidogo zaidi. Keshokutwa akatia nyanya. Nyamburi, mkono ukiwa umefungwa, alipita njiani akamwona na bakuli, akainua pua: "Meee! Mbuzi wa Guta!" Dafroza alitaka kulia, akameza kabichi pamoja na machozi. Mnara ulikuwa unafanya mazoezi ng'ambo ya njia, na kwenye nafasi yake alisimama msichana mwingine.

Kosa la pili lilitokea wiki hiyo. Bibi alimwambia aloweke choroko za kupika jioni. Dafroza aliziloweka, lakini mawazo yake yalikuwa uwanjani, na mikono yake ilikuwa imezoea kazi nyingine. Katika nyumba ile, yeye ndiye aliyetengeneza kimea cha ulezi kwa ajili ya togwa. Kila mara aliloweka ulezi, akamwaga maji, akaufunga kwenye gunia na kuuwekea jiwe mpaka uote. Basi bila kufikiri alizichuja choroko, akazifunga guniani, akaweka jiwe, akaenda zake kumwagilia bustani. Alipokumbuka, zilikuwa zimelala humo usiku mzima na mchana wake.

"Choroko zangu ziko wapi?" Bibi aliuliza akiwa ameshika sufuria tupu. "Jana nilidhani hujaziloweka, tukala ugali na chumvi. Leo je?"

Kuku walikuwa wanapita pale. Ingekuwa rahisi kusema kuku. Lakini paka alikuwa amejikunja mlangoni, amefumbua jicho moja, anamtazama.

"Nimekosea, Bibi," alisema Dafroza. "Nimezifunga guniani kama ulezi. Sikuwa na akili hapa."

Bibi Dorotea alimtupia paka jicho. "Walau leo paka amepona," alisema. "Haya, mke mwenzangu, twende tukalione kosa lako."

Walipofungua gunia, choroko zilikuwa zimepasua maganda yao ya kijani na kutoa vimkia vyeupe. Dafroza alijua zimeharibika. Bibi alichukua moja, akainusa, akaitafuna kwa meno ya mbele. Akachukua nyingine. Akachukua tatu kwa pamoja.

"Tamu!" alisema. "Kama mahindi machanga. Mjukuu wangu, usizipike hizi. Zitie kwenye yale majani yako."

Siku hiyo wakafanya kazi pamoja. Bibi alitoboa kopo kuukuu kwa msumari, upande wa nje ukawa na meno, na Dafroza akakwangulia karoti mpaka zikawa laini kama nyuzi. Kabichi na majani machanga ya mchicha vilikatwa vyembamba. Nyanya na kitunguu vikafuata, kisha papai bivu lililokatwa vipande. Choroko zilizoota alizisuuza, akazichovya kwenye maji yanayotokota na kuzitoa upesi. Mwishoni alikamulia ndimu, akatia chumvi kidogo, akamwagia juu karanga zilizokaangwa na kutwangwa, ambazo bado zilikuwa na joto. Lile bakuli lilikuwa na kila rangi, na lilinukia karanga na ndimu.

"Mimi majani sili," Baba alisema kabla hajaulizwa, akavuta ugali wake upande wake. Lakini Dafroza alipotoka kunawa, alimkuta baba yake nyuma ya jiko ameshika bakuli, anafuta chini yake kwa kidole.

"Baba!"

"Nilikuwa naangalia kama limetoboka," alisema Florian akimeza. Kesho yake alileta papai kubwa kutoka shambani, akaliweka mlangoni bila kusema neno.

Kuanzia hapo, bakuli lile halikukosekana. Dafroza aliamka mapema zaidi, maana bustani ilihitaji maji mengi wakati wa kiangazi, akaongeza safari za ziwani bila kusukumwa. Kila baada ya siku chache alianzisha gunia jipya la choroko, akizisuuza asubuhi na jioni kwa maji yaliyochemshwa. Nesi Penina alipopita alionja, akaomba aelekezwe namna ya kutumia gunia, na Bibi Dorotea akamwelekeza kwa madaha makubwa. Na Bibi mwenyewe akaacha magadi. Mchicha akauchemsha kwa maji kidogo, muda mfupi, bila kumwaga kitu.

Siku moja Matiko alisimulia jinsi mbuzi wa jirani alivyokula kofia ya mkaguzi, Dafroza akacheka kwa sauti. Katikati ya kicheko akanyamaza, akagusa pembe za mdomo wake. Hazikuuma. Baadaye magamba ya magoti yakaanza kutoka. Mwisho kabisa zikaja habari njema za mabega. Nyufa zilijifunga, na ngozi juu yake ikawa kavu na imara.

Nyamburi naye, ambaye mkono wake ulikuwa umepona, alikuja akasimama mbali kidogo na baraza.

"Hilo bakuli lina nini?"

"Majani. Ya mbuzi."

"Nionjeshe."

"Lia kwanza."

Nyamburi alitazama huku na huku kama kuna mtu. "Meee," alisema kwa sauti ndogo, na wote wakaanguka kwa kicheko. Wakala kutoka bakuli moja. Kisha Dafroza akaweka kijiko chini.

"Nyamburi, nisamehe kwa mkono wako. Nilijua nimejipaka, na nikakwambia upande."

Nyamburi aliinuka, akamsugua bega kwa kiganja, akakinusa kiganja. "Hutelezi," alisema. "Wala hunuki mwalo." Akakaa. "Nitapanda."

Nesi alipothibitisha, Mwalimu Wanzagi alimrudisha Dafroza kwenye mnara. Hakuishia hapo. Aliagiza kwamba watoto wote wa halaiki wale saladi ile kabla ya mazoezi, ikitengenezwa na mikono yao wenyewe kutoka bustani ya shule, na Dafroza awe ndiye anayewaelekeza. Waliokataa siku ya kwanza walikuwa wa kwanza kwenye foleni siku ya tatu. Afisa Utamaduni aliporudi, mnara ulisimama kama nguzo, akaomba usimame tena ili autazame vizuri.

"Mabega makavu, matumbo mepesi," alisema Mwalimu Wanzagi siku hiyo, akisugua mikono yake. "Musoma tutaongeza ghorofa."

Walisafiri kwa lori la ushirika, wamesimama wakiimba, Bibi Dorotea akiwa mbele karibu na dereva kama malkia. Walipita njia panda ya kwenda Butiama, wakamaliza nyimbo zote walizozijua, wakaanza upya. Musoma walifikia karibu na Mwigobero, pale mitumbwi ya vijiji vya ziwani inaposhusha watu na dagaa. Dafroza alinusa ule upepo wa samaki, akaziba pua, na wenzake wote wakaziba kwa kumtania. Sokoni Mwalimu alipata maparachichi yaliyoletwa kutoka Tarime, wakayakatia kwenye saladi yao ya asubuhi kama sikukuu.

Uwanjani watu walikuwa wamejaa hadi juu ya kuta. Shule iliyotoka Butiama, iliyoshinda mwaka uliopita, ilikuwa imejipanga tayari, na watoto wake waling'aa kwa mafuta ya kupaka yenye manukato. Nyamburi aliwatazama, akajitazama.

"Tutaonekana kama kuni mbele yao," alinong'ona.

Msichana mmoja wa shule ile, mwenye moyo mzuri, alimsikia. Alitoa kichupa mfukoni. "Mjomba wangu kaleta kutoka Sirari, mpakani. Chukueni kidogo, na nyie mng'ae."

Dafroza alihisi macho ya Nyamburi, ya Matiko na ya wenzake wote yamemgeukia.

"Asante, dada," alisema. "Mafuta na sisi hatupatani kabisa."

Wale wa Butiama walicheza vizuri, na mnara wao wa ghorofa tatu ukashangiliwa. Kisha ngoma ya Guta ikalia. Walioko chini wakapiga goti. Wa pili wakapanda. Wa tatu wakapanda, Dafroza na Matiko wakiwa kati yao, na umati ukapiga makofi ukidhani imekwisha. Ndipo Nyamburi akaanza kupanda, mgongo kwa mgongo, bega kwa bega. Dafroza alisikia mguu wa rafiki yake ukitua begani pake. Uzito ukaja. Ngozi haikuwaka, haikupasuka, wala haikuteleza. Akakaza magoti, akatazama mbele.

Juu kabisa, ghorofa ya nne, bendera ikafunguka.

"Guta! Guta! Guta!" Uwanja uliitika kwa kishindo, na Bibi Dorotea alisikika kupita wote, akipiga vigelegele kana kwamba kuna harusi. Kombe walilopewa kwa ushindi huo lilikuwa la mbao tu, lililochongwa hapo hapo Musoma, maana mwaka ule makombe ya kung'aa hayakupatikana. Walilibeba kama la dhahabu.

Wakati watoto wakishangilia, mwanamke mwenye vumbi la safari alipenya katikati ya watu. Alikuwa Mama Marcelina, aliyetoka Mugeta alfajiri. Alimkumbatia binti yake, kisha akamshika mashavu kwa mikono miwili, akamsogeza nyuma ili amwone. Uso wa Dafroza ulikuwa umejaa, laini, unameremeta juani. Mabega yake yalikuwa mazima.

"Nilikuacha umepauka kama jivu," alisema Mama. "Mwanangu, umejipaka nini?"

"Sijajipaka, mama," alijibu Dafroza. "Nimekula."

Nyamburi na Matiko wakaangua kicheko, na ilibidi Mama asimuliwe yote, kuanzia kopo mpaka gunia. Dafroza alisimulia mwenyewe, hata ile sehemu ya paka, bila kuruka neno. Alipomaliza, Bibi Dorotea aliwakusanya watoto wa halaiki karibu naye.

"Sikilizeni, wajukuu zangu," alisema. "Huyu mwenzenu alipokuwa na nyufa mwilini, alizifunika kwa mafuta. Alipokuwa na kosa, alilifunika kwa paka. Vyote viwili vilimuumbua mchana kweupe, na mtoto wa watu akaumia. Safari ya pili alisema kweli, akafanya kazi, akala chakula kilichokuwa chini ya macho yetu siku zote, ambacho hata mimi mzee nilikuwa nakimwaga na maji ya magadi. Maduka yatajaa tena siku moja, na mtaona vichupa vya kila namna. Msije mkasahau. Afya na ukweli huwezi kujipaka. Vinatoka ndani, na vinataka kulishwa kila siku."

"Na yale mafuta ya sangara yaliyobaki, Bibi?" aliuliza Matiko.

"Nimemwachia paka kopo zima," alisema Bibi Dorotea. "Nilikuwa sijamwomba radhi."